Mkamwana Mwenye Goti Bovu

Amenikataza nisimtaje jina. Nilipompigia simu kumwambia nataka kuandika habari zake, alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema niandike nitakavyo, ila jina lake nisiliweke, la mzee wa Nyarero nisiliweke, na la marehemu bibi ndiyo kabisa, maana ukoo wa bibi ni mpana na mwepesi wa kesi. Basi nitamwita dada, kama nilivyomwita miaka yote tuliyofanya kazi pamoja. Anayemjua atamjua kwa goti.

Dada alikuwa afisa ustawi wa jamii pale Tarime, mimi nikiwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kwao ni Morogoro. Kabla ya kuja kwetu kusuluhisha ndoa za watu alikuwa mchezaji wa mpira wa magongo, beki, na aliwahi kuvaa jezi ya taifa, mpaka siku goti lake la kulia lilipogeukia upande ambao Mungu hakulipangia. Hapo ndipo akarudi chuo kusomea shida za wengine. Siku aliyoteremka stendi ya Tarime na gongo lake begani, askari wawili walimsindikiza hadi kituoni akatoe maelezo, kwa sababu wiki ile kulikuwa na koo mbili ambazo hazisalimiani, na fimbo iliyopinda namna ile hakuna aliyewahi kuiona. Aliwaeleza kwamba ni ya kuchezea. Wakamuuliza ana umri gani.

Kwetu mpira huo haujulikani. Mtu akisikia kwamba mwanamke mzima alikuwa anasafirishwa kwa gharama za wengine kwenda kupiga kitu kidogo cha mviringo kwa fimbo, swali lake la kwanza ni kwamba ng'ombe walibaki na nani. Lakini dada hakuacha mchezo hata alipouacha. Kila shauri kwake lilikuwa mechi. Tukikaribia boma lenye ugomvi ananinong'oneza nilinde kushoto, maana yake nikamshughulikie mama mkwe, na yeye anapita katikati. Mimi ni mtu wa Nyambureti, mtoto wa wakulima, nilikwenda ofisini kutafuta kiti, si kulinda kushoto. Nilikasirika mara nyingi. Nilimpenda kwa sababu moja tu ya haraka: siku ya kwanza tulikaribishwa kichuri, supu yetu ya mbuzi ambayo inapikwa na vya tumboni mwake vyote na ukali wake wote; wageni wengi wakiiona hukumbuka ghafla kwamba wana vidonda vya tumbo. Yeye alimaliza bakuli na akauliza kama kuna nyongeza.

Tatizo lilikuwa kadi. Katika mpira wa miguu, ambao kwetu hata bibi vizee wanaujua, kuna kadi ya njano na nyekundu. Kumbe kwenye magongo kuna na ya tatu, ya kijani, yenye pembe tatu, na hiyo ndiyo onyo la kwanza. Dada alikuwa anatembea nazo zote kwenye mkoba. Mume akipaza sauti mbele ya mkewe kwenye kikao, anatolewa ya kijani. Ofisini mjini tulishazoea. Kilichotokea Nyarero ni kwamba aliitoa kwa mtu ambaye hajazoea, akamwachia.

Mtu huyo alikuwa mzee mmoja mkulima, mpole wa sura na mgumu wa shingo. Mwalimu mkuu wa sekondari alituletea habari kwamba binti yake wa kidato cha tatu, mkali wa hesabu na baiolojia, anaandaliwa kuolewa. Kuna mtu wa Gorong'a mwenye ng'ombe, mwalimu hakujua zaidi ya hapo. Mzee alikuwa na kijana wa kiume aliyefikia kuoa na boma lisilo na ng'ombe wa kumwolea, na kwa hesabu ya kwetu jibu la fumbo hilo lilikuwa linasoma kidato cha tatu. Tukaenda. Dada akamweleza sheria, akamweleza jela, akamweleza faida za elimu, mimi nikiyageuza yote kwa Kikurya hadi koo likakauka. Mzee aliitikia kila neno. Mwishoni dada akatoa ile pembe tatu ya kijani, akamwekea mkononi na kumtazama machoni kwa muda, kama walivyofundishwa waamuzi. Mzee akaipokea kwa mikono miwili. Mimi, nisiseme uongo, nilidhani ni zawadi.

Tukarudi mjini dada akiwa ameridhika. Wiki mbili hazijaisha, mwalimu mkuu akapiga simu. Mzee amewaita watu, ng'ombe wanakuja Jumamosi, na anamwonyesha kila mtu karatasi ngumu ya kijani akisema serikali yenyewe imempa ruhusa. Hata dereva wa bodaboda aliyewahi kufika Mwanza alimthibitishia kwamba kijani maana yake ni pita.

Nilimshauri twende na polisi. Akakataa, na sababu niliijua. Mwaka uliotangulia tulikwenda na polisi mahali pengine, baba akachukuliwa, tukashangilia, na kabla ya kesho yake shangazi walikuwa wameshamvusha binti mpaka wa Sirari. Mpaka leo hatujui yuko kwa nani upande wa pili. Dada alikuwa na picha yake ya shule mezani. Akasema binti wa Nyarero akitolewa kwa nguvu atarudishwa kwa siri, kwa hiyo lazima hao hao wenye ng'ombe wamwachie wenyewe, mchana, mbele ya watu. Nikamuuliza atawafanyaje. Akasema hajui, ila nilinde kushoto.

Jumamosi tulifika kwa bodaboda moja, yeye katikati na mguu wake ukiwa umenyooka kando kama mlingoti. Boma lilikuwa limejaa. Wazee wamekaa kwenye vigoda, wanawake wako jikoni na moshi, ng'ombe wa Gorong'a wamefungwa kivulini, wanono kweli kweli. Dada alitupa jicho mara moja tu, akamwona mwanaume wa makamo aliyevaa koti jipya, na akamwendea moja kwa moja. Hakusalimia. Alimwambia kwamba kifungo cha kuoa mwanafunzi ni miaka thelathini, kwamba mwanaume wa umri wake angepaswa kuona aibu, kwamba ana hakika nyumbani kwake kuna mabinti, na kama hawapo basi Mungu alijua anachofanya. Mwanaume alisikiliza mpaka mwisho huku jasho likimtoka kwenye koti. Kisha akasema kwa adabu kwamba yeye amekuja kuswaga ng'ombe tu.

Dada akauliza bwana harusi yuko wapi. Watu wote wakageuka wakatazama kigoda kimoja kirefu karibu na mlango. Juu yake alikaa bibi mdogo mdogo, shuka begani, miguu haifiki vizuri chini.

"Umeongea na mchungaji wangu muda wote huo," bibi akasema, "na mimi bado hata shikamoo sijapata."

Mimi nilielewa pale pale, na nikajilaumu kwamba sikuelewa mapema, kwa sababu ni mila ya kwetu. Bibi aliyefika uzeeni bila mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa binti. Si mambo ya chumbani, kama watu wa mbali wanavyodhani wakisikia. Anamwolea mwana ambaye hakuzaliwa. Binti anakuwa mkamwana wa nyumba ile, anazaa na mwanaume atakayekubaliwa, na watoto wanaitwa wa bibi, ili jina la nyumba lisife. Tunaiita nyumba ntobhu. Nilimweleza dada haya yote kwa kunong'ona, haraka, naye alinitazama kama mtu aliyejiandaa kwa mechi moja akakuta uwanjani wamepanga nyingine. Kisha akapiga goti, lile zima, akampa bibi shikamoo yake.

Mzee wa Nyarero hapo akatoa kadi. Alikuwa ameihifadhi ndani ya Biblia. Akasema kwa uchungu wa haki kwamba mtu aliyempa ruhusa ndiye huyu huyu. Kadi ikazunguka mkono kwa mkono. Dada akaeleza kwamba kijani ni onyo, na ili aeleweke akatoa na zile nyingine mbili, akaeleza na zile. Hilo lilikuwa kosa. Wazee wakasahau ndoa kabisa. Mmoja akataka kujua kwa nini pembe tatu. Mwingine akasema mchezo wenye kadi tatu ni mchezo wa watu wasiosikia. Walipomaliza kujadili, mkubwa wao akatoa uamuzi: kosa ni la serikali, si la mzee, na ng'ombe waliokwisha kutolewa zizini mbele ya watu hawawezi kurudi njia ile ile kana kwamba walikwenda kutembea. Lazima leo mtu aolewe.

Nilimwona binti wakati huo. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni amevaa kitenge kipya, na juu ya kitenge amevaa sweta la shule, na mama yake alikuwa anamvuta sweta kwa nyuma avue. Hakuvua. Alikuwa anamtazama dada tu.

Dada akavuta kigoda akakaa mbele ya bibi, mguu umenyooka. Akamuuliza anataka nini hasa. Si ng'ombe, si sherehe. Anataka nini.

Bibi akavuta shuka lake begani. Alisema alizaa mabinti wanne, wote wameolewa mbali, wawili Kenya. Akisema neno jioni linarudi kutoka ukutani. Akifa, shemeji zake watagawana zizi kabla maji ya kumwosha hayajapoa, na watu watapita pale na kusema hapa palikuwa na mji. Anataka mkamwana. Mtu wa kuitwa wa nyumba hii, basi.

"Nioe mimi," dada akasema.

Nilikataa kutafsiri. Lakini bibi alikuwa anasikia Kiswahili vizuri zaidi kuliko alivyotuachia tujue, na wazee nao walisikia, na jikoni mwiko ulianguka. Dada akaendelea bila kupepesa macho. Hana mume, hana mtoto, amepanga chumba kimoja mjini chenye panya. Kila mwisho wa wiki atakuwa Gorong'a, na popote serikali itakapompeleka ataitwa mkamwana wa nyumba hiyo na siku ya msiba atakuwepo. Nikamkanyaga mguu. Kwa bahati mbaya nilikanyaga ule mbovu.

Bibi akashuka kwenye kigoda akamzunguka. Aliuliza kama anajua kulima, akajibiwa kidogo. Kukamua, hapana. Kusonga ugali wa ulezi, akasema anajua, na mimi niliyewahi kuula nikatazama pembeni. Akamwambia asimame atembee. Dada akatembea hadi kwenye ng'ombe na kurudi, akichechemea, mbele ya wazee waliokuwa wanakagua kama wako mnadani.

"Na kuzaa?"

"Hilo siwezi kukudanganya, bibi. Umri umekwenda."

Bibi akakaa tena. Akamwita binti aje mbele, akamuuliza na yeye anasemaje. Binti alisema, kwa sauti ndogo lakini bila kukatika, kwamba likizo atakwenda kumchotea maji na kumlimia, kila likizo, ila anaomba asome. Mama yake akajifunika uso kwa khanga.

"Huyu amekuja mwenyewe kwa miguu yake," bibi akawaambia wazee, akimwonyesha dada, "hata kama mmoja haufai. Huyu mtoto nitamchukua akilia. Mimi nililetwa Gorong'a nikilia. Nakijua kile kilio, sitaki kukisikia ndani ya nyumba yangu."

Baada ya hapo yalikuwa mambo ya bei. Wazee wa Gorong'a walishusha mahari bila huruma. Umri uliondoa ng'ombe, kutojua kukamua kukaondoa ng'ombe, goti peke yake likaondoa mtamba mzuri. Dada akaanza kujitetea kwamba amewahi kuvaa jezi ya taifa. Mzee mmoja akasema hiyo iandikwe upande wa hasara, kwa maana ndiyo iliyoharibu goti. Walipofikia mwafaka ikaonekana hakuna wa kupokea mahari, kwani bibi harusi hana baba pale. Dada akatoa simu, akampigia baba yake Morogoro, akaweka spika.

Akamwambia, baba, kuna watu hapa wanataka kunioa. Mzee wa watu kule alianza kushukuru Mungu kwa sauti, akamwita mkewe, akasema amekuwa akisali miaka mingi, na sasa huyo mwanaume ni nani. Dada akasema ni bibi mmoja wa Gorong'a. Nilidhani mtandao umekatika. Baadaye baba akasema kwa upole kwamba yeye ni baba tu, na kwa Waluguru binti anasemewa na mjomba, na mjomba kwa bahati alikuwa hapo hapo wanacheza bao. Mjomba alielezwa yote mara mbili. Alikuwa mtu wa akili. Aliuliza tu kama huyo mtoto wa shule atarudi shule, wazee wa Nyarero wakaapa, akasema basi yeye hana neno. Ila ng'ombe hawezi kuwapandisha basi mpaka Morogoro, kwa hiyo wabaki kwa huyo mzee ambaye dada ameolewa kutokea nyumbani kwake. Mzee wa Nyarero, aliyekuwa amekaa kinyonge tangu kadi yake ilipopoteza maana, alinyooka kama kijana. Kijana wake alioa mavuno yaliyofuata.

Tukala. Bibi harusi aliomba nyongeza.

Mjini habari ilifika kabla yetu. Wenzetu ofisini kwa miaka mitatu walikuwa wanamuuliza dada mumewe anaendeleaje, na yeye alikuwa anajibu kwa makini kwamba anaendelea vizuri, ila analalamika kuhusu ugali. Alikwenda Gorong'a kila Ijumaa kama alivyoahidi. Alijifunza kukamua, akapigwa teke kwenye goti zima, akawa kwa mwezi mmoja anatembea na ulinganifu ambao hakuwahi kuwa nao. Bibi alimgombeza kutwa, na Jumatatu asubuhi alikuwa anamsindikiza hadi barabarani amebeba maziwa. Nilikwenda huko likizo moja nikawakuta watatu, bibi, dada na binti, wanapukuchua mahindi na kubishana kuhusu kodi ya kichwa ya zamani, jambo ambalo wawili kati yao hawakulijua hata kidogo. Nilikaa nao hadi jioni. Niliona wivu, na sioni haya kulisema.

Halafu dada akahamishiwa wilaya ya Serengeti, Mugumu, na mimi nikabaki. Binti alikuwa ameshamaliza kidato cha nne, akaenda chuo cha mifugo, akarudi kutibu ng'ombe wa kata zile zile. Na bibi, kama alivyokuwa amejua, akafa.

Msiba ulijaa. Shemeji walikuwa wamefika mapema sana na walikuwa wanazungumzia zizi. Dada alifika kwa gari la mizigo kutoka Mugumu, amechafuka vumbi hadi kope, hakusalimiana na mtu. Akaingia ndani akakaa chini mahali ambapo mkamwana wa nyumba hukaa, mguu wake umenyooka mbele, kichwa kimefungwa khanga, akalia kwa sauti, yeye ambaye alituambia kwamba siku goti linavunjika hakulia. Shemeji mmoja, mzee aliyetoka upande wa Kenya na ambaye hakuwepo siku ile ya Nyarero, akasimama mlangoni akauliza mbele ya watu huyu mwanamke wa kuja ni nani mpaka akae pale.

Nilitaka kujibu mimi. Daktari wa mifugo akanitangulia. Alikuwa bado na mabuti ya kazini, akapita katikati ya wazee, akaketi chini kando ya dada, kisha akamjibu yule mzee kama anavyojibiwa baba, bila kupandisha sauti.

"Ni mkamwana wa nyumba hii, tata. Yeye aliolewa Jumamosi, mimi nikarudi shule Jumatatu."